Mkono wa Birika Nao Una Historia

Hamburg, Februari 2026

Shangazi, shikamoo. Na nyote mnaosomewa barua hii hapo barazani Chumbageni, Tanga, salamu nyingi. Huku hatujambo, ila baridi. Kila barua yangu husema hivyo, na kila mara ni kweli.

Ujumbe wenu wa sauti nimeupata na nimeusikiliza wote, hata pale mlipodhani mmeshazima kurekodi. Nimemsikia mtu akisema kwamba siku hizi nimekuwa mkono wa birika, na kwamba kwenye simu ya video naonekana na sweta lile lile tangu kabla ya korona. Sauti naifahamu. Mwenyewe simtaji, ila nauli yake ya kwenda harusini Korogwe naikumbuka, na yeye anaikumbuka.

Nimesikia pia kwamba mpwa wangu amepata chuo na anakuja Oktoba. Hongera zake. Basi barua hii ni ya wote wawili, anayenisema na anayekuja. Ubahili wa ughaibuni hauji siku moja na haukai ulivyo. Una madaraja yake, na mimi nimeyapitia karibu yote.

Daraja la kwanza ni la kuzidisha. Mtu akifika huku, kila bei anaigeuza shilingi. Wakati naingia, kebabu ya Kituruki, ule mkate uliojazwa nyama na kabichi, ilikuwa haifiki euro nne. Nikizidisha naona elfu kumi. Kwa elfu kumi Tanga nilikuwa nakula wali kwa samaki, nashushia soda, na chenji ya bajaji inabaki. Basi naondoka na njaa yangu. Maji ya chupa mgahawani: nazidisha, nameza mate. Kinyozi: nazidisha, nanunua mashine najinyoa mwenyewe. Kioo kinaonyesha mbele tu, na picha za mwaka ule mnazo.

Ugali nao ulipitia hesabu hiyo hiyo. Unga wa mahindi upo kwenye maduka ya Waafrika pale Steindamm, karibu na stesheni kuu, lakini bei yake ni ya kitu kilichopanda ndege. Wenyeji wakanionyesha dawa: semolina ya ngano, ile ambayo Wajerumani huwapikia watoto uji wa maziwa. Pakiti ya nusu kilo ilikuwa haifiki euro moja. Ukiisonga inakubali haraka, inameta, inavutika. Ukiila mchana, usiku bado mnazungumza. Nimeila miaka, na tumbo langu halina ufa.

Kasoro ya daraja hili ni kwamba mtu huzidisha bei tu, hazidishi kipato. Saa moja ya kubeba maboksi ghalani ilikuwa inanipa euro tisa, yaani kebabu mbili na chenji. Lakini mimi nalipwa Hamburg, nahesabu Tanga, na njaa inaniuma papo hapo Hamburg.

Daraja la pili ni la chupa, na hili, Shangazi, unalijua kuliko Wajerumani. Dukani kwa Mangi huondoki na soda mpaka uache chupa tupu au uache hela. Huku serikali nzima ni Mangi. Tangu 2003, kopo la soda na chupa ya plastiki ya kutumika mara moja vina senti 25 za chupa ndani ya bei. Chupa nyingi za bia ni senti 8. Ukimaliza kunywa unairudisha dukani, unaiingiza kwenye tundu la mashine, nayo inaizungusha ikitafuta alama yake. Ikiridhika inakupa risiti ya kupeleka kwa keshia. Ikiwa chupa imebonyea na alama haisomeki, inaitema. Nimeona watu wazima wenye tai wakipuliza chupa kwa mdomo ili irudi umbo lake, na foleni nyuma imetulia bila kucheka, maana hakuna asiyewahi kupuliza.

Chupa nne ni euro moja. Kwa mwanafunzi hiyo ni nusu ya mlo, hivyo nikawa natembea macho chini: bustanini, stesheni, nje ya uwanja siku ya mechi. Lakini kazi hiyo ina wenyewe. Wamo wazee waliostaafu, wamevaa makoti safi, na mkononi wana kitochi cha kumulika ndani ya pipa. Watu wenye utu hawatumbukizi chupa pipani; wanaisimamisha kando, ili anayeihitaji asitie mkono kwenye uchafu. Siku moja bibi mmoja alinipisha nichukue kopo aliloliona yeye kwanza. Akaniambia mimi bado kijana, nakua, nahitaji kula. Nikamwachia kopo, na kuanzia siku hiyo narudisha zangu tu.

Daraja hilo lina pia fanicha zake. Mjerumani akihama, vitu asivyovitaka huviweka nje na kikaratasi cha kusema chukua bure. Meza ninayoandikia, kiti na taa vyote ni vya barabarani. Siku ya kabati nilisaidiwa na Mkongo nisiyemfahamu. Tukaliingiza kwenye treni ya mjini, abiria wakatupisha kama hawatuoni. Tulipofika ngazi ya tatu akapumua akasema, "Ndugu, hii kabati iko muzito sana." Hela alikataa. Aliomba kioo cha mlangoni tu, akaondoka nacho kwapani. Ndiyo maana kabati langu lina mlango unaoonyesha ukuta.

Daraja la tatu ni la kuvimba. Nilipopata kazi ya mkataba nilianza kununua kahawa kila asubuhi, ya kutembea nayo. Nikajiunga na ukumbi wa mazoezi. Mwili ulikwenda siku chache, ada ikaenda mwaka mzima. Huo ndio mwaka mlionisifu na kuniita bosi. Picha zilikuwa nzuri na akaunti ilikuwa nyeupe. Kila mwezi ukikaribia mwisho nilirudi kwenye semolina, safari hii kwa siri.

Nchi yenyewe ndiyo iliyonishusha. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, gesi ikaadimika na bei ikaruka. Serikali ikaamuru ofisi za umma zisipashwe joto kupita nyuzi 19. Agosti ile Winfried Kretschmann, wakati huo kiongozi wa jimbo la Baden-Württemberg, akawakumbusha wananchi kwamba si lazima kila mara kusimama chini ya bomba la mvua. Kitambaa cha kujifutia nacho kinatosha. Walimcheka. Mimi sikucheka, nilikwenda dukani kutafuta ndoo na kopo.

Shangazi, ndoo moja ya lita kumi, nusu ya moto nusu ya baridi, inamwosha mtu mzima na ya miguu inabaki. Hilo ulinifundisha kabla sijajua kusoma. Jirani yangu wa chini, bibi aliyepita miaka themanini, aliposikia bili yangu alipanda ngazi kuja kuikagua ndoo. Akaiinua, akaigeuza, akatazama chini yake kama kuna waya. Akauliza bei ya kopo. Sasa anayo yake, na mtu akimtembelea anamwonyesha.

Huyo bibi ndiye mwalimu wangu wa daraja la nne. Kwetu mtu akibana matumizi hujificha, huku hujisifu. Bibi hachani karatasi ya zawadi. Anaifungua taratibu, anaipiga pasi, anaiweka. Krismasi iliyopita alinipa zawadi imefungwa kwa karatasi niliyofungia ya kwake mwaka juzi. Na si maskini, ana nyumba mbili alizopangisha. Ni mtoto halisi wa mji huu, maana Hamburg ilianzisha benki ya akiba tangu 1778, moja ya za mwanzo kabisa duniani, ili wajakazi, vibarua na mabaharia waweke senti zao.

Matajiri wa Kijerumani ndio kabisa. Theo Albrecht, mmoja wa ndugu wawili waliojenga maduka ya Aldi, alitekwa nyara mwaka 1971 na kuachiliwa kwa fidia ya marki milioni 7. Alipotoka alitaka fidia hiyo ihesabiwe kuwa gharama za biashara, ili apunguziwe kodi. Mtu ametoka mikononi mwa watekaji, anawaza risiti! Kama mnatafuta birika, birika ni lile. Mimi ni kikombe tu.

Lakini nilipomchunguza bibi vizuri nikaona jambo. Viatu vyake ni vya ngozi, vya bei kubwa, na amevibadilisha soli mpaka fundi anamjua kwa jina. Meno yake anayahudumia. Dirisha lake halipitishi upepo. Kila majira ya joto anasafiri. Bibi anabana pasipouma ili atoe panapouma. Mimi nilikuwa nabana kila mahali, halafu navunja kila mahali.

Kwa hiyo siku hizi nimepanga upya. Sivuki mji kufuata maziwa yaliyopunguzwa bei, maana usingizi wa Jumamosi nao una thamani. Nanyolewa na kinyozi. Nimenunua koti moja la maana badala ya matatu ya kuomba radhi. Lakini kahawa natoka nayo nyumbani kwenye chupa ya chai, sweta mnaloliona bado zima, na makopo ya aiskrimu sitayatupa mpaka niingie kaburini. Jumapili nikiwahi kuamka naenda Fischmarkt, soko la Altona lililoko tangu 1703. Linafungwa saa tatu na nusu asubuhi, na dakika za mwisho wauzaji wanapayuka na kurundika ndizi, mananasi na samaki wa moshi kwa bei ya kutupa. Aliyezoea mnada wa samaki wa Deep Sea hapo Tanga hapotei pale.

Sasa nije kwenye daraja la tano, ambalo hatujawahi kulizungumza. Kila nikija likizo, ubahili wote huu unabaki uwanja wa ndege. Huku nakunywa maji ya bomba. Tanga naagiza juisi kwa meza nzima, na meza ya pili inasogeza viti. Huku napanda treni na kabati. Tanga nakodi teksi kwenda Raskazone. Nikitaja daladala mnaona aibu kwa niaba yangu. Nikiuliza bei ya pweza, mtu ananifinya ubavuni: "Wewe si umetoka Ulaya?" Basi nalipa. Nikirudi Hamburg naendelea kulipa mpaka masika.

Juisi ile haitokani na utajiri. Inatokana na chupa, ndoo na kahawa ya nyumbani. Mnakunywa ubahili wangu, Shangazi, halafu mnausifu kuwa ni ukarimu. Nikiwa nao huku peke yangu mnauita uchoyo. Ada za watoto na dawa za Babu siziweki kwenye hesabu hii. Hapo ndipo panapouma, na hapo nitatoa bila kuuliza bei. Juisi ya meza ya pili ndiyo ninayoizungumzia.

Kwa mpwa wangu, mwambieni haya. Kwa ajili ya viza atatakiwa aonyeshe euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa. Mtaa ukisikia utadhani ametajirika. Akaunti hiyo itamtolea euro 992 kila mwezi, na humo mna kodi ya chumba, bima, chakula na nauli. Hakuna simu ya mtu humo. Akiwa mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka. Asiahidi kujengea mtu nyumba kwa siku hizo.

Tiketi ya kuzunguka nchi nzima kwa mabasi na treni za kawaida ilikuwa euro 9 kwa miezi mitatu ya mwaka 2022, ikarudi kwa 49 mwaka 2023, ikawa 58, na tangu Januari 2026 ni 63. Ailipie. Akikutwa bila tiketi ni euro 60 palepale, karibu bei ya mwezi mzima. Akipata chumba itamfikia barua ya kudai euro 18.36 kwa mwezi za redio na televisheni ya umma, hata kama hana redio wala televisheni. Asibishane, wameshabishana wenye shahada zao. Inalipwa kwa nyumba, hivyo agawane na anaokaa nao.

Asibebe mchele, upo. Asibebe sufuria, zipo barabarani. Abebe iliki, mdalasini na bizari nzuri, na viatu vizuri atanunulia huku mwezi wa kwanza, kabla hajaanza kuzidisha.

Nami nikijaaliwa nakuja Desemba. Pweza nitauliza bei, na nikiona ghali nitaondoka. Kutoka stendi ya Kange nitapanda daladala, na nauli nitalipa yangu peke yangu.