Tambi Zinazokunywa Supu

Tuelewane kwanza: sina ugomvi na ugonjwa. Daktari alishasema mke wangu, Mama Neema, ana siliaki, kwamba gluteni iliyomo kwenye ngano, shayiri na jamaa zao inamharibia utumbo, na tiba ni kuiacha maisha yake yote. Hapo sina neno. Ugomvi wangu ni na tambi.

Hizi tambi zisizo na ngano zinakaa kwenye rafu yao peke yao supamaketi, pakiti ndogo, bei ndefu kama namba ya simu. Za kwetu ni za mchele.

Jumamosi nyumbani ni supu ya kuku: tangawizi, kitunguu saumu, karoti, ndimu mezani. Mama Neema alizoea kutupia tambi mwishoni. Zile za ngano zilikuwa na adabu, zinaiva na kukungoja. Kumbe gluteni ndiyo iliyokuwa inaushika wanga usikimbilie kwenye maji. Hizi za mchele hazina wa kuzishika. Ukigeuka kukata ndimu, supu imeshakuwa nzito. Ukirudi na bakuli, unakuta uji wenye mifupa. Na zinavyokunywa! Sufuria iliyojaa saa sita, saa nane mchuzi unautafuta kwa tochi.

Dawa ipo, naomba msinielimishe. Unachemsha tambi kwenye sufuria yake, maji mengi, unaziepua zikiwa bado ngumu kidogo, unazisuuza kwa maji baridi, kisha kila mtu anawekewa bakulini na kumwagiwa supu ya moto wakati wa kula. Zinatoka vizuri, sikatai. Ila hebu hesabu vyombo. Sufuria ya supu, sufuria ya tambi, na chujio. Tena chujio jipya, maana la zamani lilichuja spageti za ngano miaka nenda miaka rudi. Chakula cha kuitwa hakina gluteni hakitakiwi kuzidisha miligramu 20 kwa kilo, na mimi miligramu sizioni kwa macho. Jipya limefungwa uzi mwekundu, lisiguswe ovyo. Nani anaosha vyote hivyo? Tuendelee.

Kiporo ndiyo usiseme. Tambi zikilala ndani ya supu, asubuhi unaikata kwa kisu. Zikilala peke yao kwenye friji, zinakakamaa na kuvunjikavunjika. Za dengu zinajitahidi, lakini supu inanukia dengu na watoto wanauliza kuku yuko wapi. Daktari wa watoto Mholanzi, Willem-Karel Dicke, aliandika tasnifu yake kuhusu ngano na ugonjwa huu mwaka 1950. Tangu mwaka huo, jamani, hata tambi moja ya kulala na supu salama haijapatikana?

Na vile vidonge vya mchuzi, vingine vina unga wa ngano. Sosi ya soya nayo, ya kawaida, ina ngano. Siku hizi nasimama supamaketi nimevaa miwani nasoma maandishi ya nyuma ya pakiti, mpaka mhudumu ananiamkia akidhani natoka shirika la viwango, TBS.

Mama mkwe, mzaliwa wa Moshi, aliitazama shughuli nzima akauliza taratibu, "Kwani mtori una nini?" Swali la maana! Ndizi hazina gluteni, na mtori ukiwa mzito hakuna wa kulaumiwa. Muhogo upo, wali upo, ugali wa dona upo.

"Mama, hivyo vyote nakula kila siku," binti yake akajibu. "Hamu yangu ni tambi."

Nikachukua sufuria ya pili.

Sasa shemeji amepiga simu. Jumamosi anakuja na familia yake yote, na watoto wake wameulizia zile tambi za kwa shangazi. Nimemwambia karibuni sana, shemeji, njooni na pakiti yenu, na mmoja wenu awe anajua kuosha vyombo.