Beringi Haina Mgongo

Anayetuma skeitibodi Msata hajapata kuishi Msata. Lami tunayo, hilo silikatai, ila ina wenyewe. Ile ya Chalinze kwenda Segera ni ya malori na mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha. Ile ya kutoka Bagamoyo, kilomita 64 ukipitia Kiwangwa kwenye mananasi, bodaboda wameshajigawia. Kinachobaki ni mchanga. Basi ubao aliotutumia dada kutoka Muscat, umelala ndani ya boksi kati ya mashuka na maziwa ya unga, ukawa na uwanja mmoja tu: baraza la saruji la duka lililofungwa, nyuma ya vibanda vya mama ntilie.

Ukapigwa mvua, ukala vumbi, ukapigwa mvua tena. Gurudumu moja likaanza kulia, kisha likagoma kabisa.

"Mjomba, limekufa," mpwa wangu akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka nijue kwamba yeye hahusiki.

Tukaenda kwa fundi wa bodaboda, mimi, yeye, mdogo wake wa kike ambaye hakualikwa, na watoto wengine ambao walikuwa na sababu zao. Sababu hizo nilizielewa fundi alipolichomoa gurudumu kwa spana namba 13: mtoto wa huku anajua kwamba beringi ikivunjwa inatoa gololi. Walikuja kungoja kifo cha mgonjwa ili wagawane mirathi. Wangezaliwa California mapema wangefaidi zaidi, maana hadi katikati ya miaka ya 1970 skeitibodi nyingi za kule zilikuwa na gololi zisizofungiwa kwenye beringi. Nati ikilegea, zinamwagika barabarani.

Kila gurudumu lina beringi mbili. Fundi akaziosha kwa petroli, akasoma namba: 608. Mezani kwake zilikuwepo 6202, ambazo kila muuza vipuri vya bodaboda anazo, na tundu lake ni milimita 15. Hii ya ubao tundu lake ni milimita 8, upana wa nje 22, unene 7. Akaiinua juu ili watu waione. "Hii bado inanyonya," akasema.

Ubishi ulianza pale alipotaka kuirudisha. Beringi hizo zilikuwa na kifuniko upande mmoja tu. Upande wa pili gololi zinakuchungulia. Je, kifuniko kikae nje au ndani?

Fundi akasema nje, vumbi lisiingie. Dereva mmoja wa bodaboda akasema ndani, kwa sababu mwenye kifuniko hufunika anachokipenda, hoja ambayo mpaka leo sijaielewa lakini iliungwa mkono na watu wazima. Ndipo akatokea fundi wa malori, mzee mwenye grisi mpaka kwenye nyusi. Tukamwamkia. Hakuitikia, alikuwa ameshaiona beringi.

"Beringi ina mbele na nyuma. Ukiigeuza, gurudumu utaliacha Wami."

Na mzee hakudanganya. Beringi za lori ni za koni: roli zake zimelala mshazari, zinabeba uzito na msukumo wa upande mmoja, na ukizigeuza umejitakia. Lakini hii ya gololi njia yake ni duara pande zote. Uigeuze usiigeuze, inabeba vilevile. Chenye nje na ndani ni kifuniko tu, na kazi yake ni vumbi. Fundi wa bodaboda alimweleza hayo kwa heshima zote. Mzee akamtazama kama anavyotazamwa mtu anayeuza tairi la baiskeli kwa mwenye Scania.

Kijana msaidizi, kuona wakubwa wanabishana, akachukua nyundo aigonge beringi pete ya ndani. Fundi akamdaka mkono hewani. Nguvu ipite pete ya nje, akamwambia. Ukigonga ya ndani, pigo linapita kwenye gololi na kuacha vishimo. Akazisukuma beringi kwa mkono, zikaingia, kifuniko nje. Akakaza nati.

Gurudumu halikuzunguka.

Sasa kila mtu akawa nabii. Zikageuzwa, kifuniko ndani: halizunguki. Dereva wa bodaboda akashauri nati ilegezwe. Likazunguka, huku likitikisa kiuno. Mama yangu, aliyefika kutafuta wajukuu, akasema tatizo ni ukavu, akapendekeza mafuta ya nazi. Fundi alikuwa tayari na grisi. Nikawaomba wote wawili wasubiri: grisi ni nzito kwa kigurudumu hiki, na mafuta ya nazi yakichanganyika na vumbi la Msata hupata unga wa kutosha chapati. Fundi cherehani wa jirani akatuazima kichupa chake. Tone moja kila beringi. Bado halizunguki, ila sasa lilinukia ushonaji.

Fundi akaweka spana chini. "Bushi iko wapi?"

Kati ya beringi mbili hukaa kibomba kidogo cha chuma. Nati ikikazwa, mbano wote unapita humo. Kikikosekana, pete za ndani zinavutwa kukutana na gololi zinabanwa. Kwenye habu ya pikipiki kipo kama hicho, kikubwa zaidi, na fundi alikuwa na haki ya kukikumbuka mapema kama asingekuwa na wageni wengi hivyo.

Tulichuja mchanga wote wa kijiwe. Kisha mama yangu akamshika mjukuu wake wa kike bega. Shingoni mwa mtoto, kwenye uzi wake wa shanga, katikati kabisa, kilining'inia kibomba cha chuma, kimesuguliwa kwa gauni mpaka kinang'aa.

Hakulia. Alisema atakitoa kwa sharti moja, kwamba awe wa kwanza kupanda. Kaka yake akakata rufaa kwa bibi, akashindwa. Bushi ikaingia, kifuniko kikarudi nje, nati ikakazwa, gurudumu likazunguka mpaka tukachoka kulitazama.

Msafara mzima ukahamia barazani. Akasimama juu ya ubao, akasukumwa na wote waliokosa gololi, akateleza vizuri sana mpaka pale saruji ilipoishia, akatua mchangani kwa makalio, huku ubao ukiendelea na safari kuelekea kwenye masufuria ya wali.

"Mnaona?" akasema yule mzee wa malori. "Imegeuzwa."