Mwizi Hana Blanketi

Mwizi wa kipupwe hahitaji akili nyingi. Wa masika labda, maana lazima ajue kunyata kwenye tope bila kuacha nyayo. Wa kipupwe anahitaji jambo moja tu: awe tayari kutoka nje saa tisa usiku. Akishatoka, kijiji chetu kizima cha Maposeni, Songea, ni chake, kwa sababu kila aliyepewa kazi ya kumzuia, kuanzia mbwa na mlinzi hadi mwenye nyumba mwenyewe, yuko mahali fulani anaota moto.

Wageni kutoka Dar es Salaam hucheka tukiwaambia huku kwetu kuna baridi. Waacheni wacheke, halafu waleteni mwezi wa saba. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na ifikapo Juni 21 jua liko kaskazini kabisa, limetupa kisogo. Upepo wa kusi unavuma, mawingu ya masika yameshaondoka, na usiku usio na mawingu hauna cha kuzuia joto la ardhi lisipae. Alfajiri ukifungua mdomo unatoka moshi, na watoto wanakwenda shule wakijifanya wanavuta sigara.

Sasa sikia ubaya wake. Huku tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa mwaka na kwisha Aprili. Mahindi yanavunwa kuanzia Mei, yanapukuchuliwa, yanaingia kwenye magunia, na magunia yanaingia ndani ya nyumba kusubiri bei. Yaani miezi ambayo nyumba ya mkulima ina mali kuliko wakati mwingine wowote ndiyo miezi ambayo mkulima hataki kutoa hata kidole gumba nje ya blanketi. Mwizi hesabu hii anaijua.

Historia nayo inatuzomea. Maposeni si kijiji cha hivihivi. Hapa, jirani na misheni ya Peramiho, ndipo yalipokuwa makao ya nkosi, yaani mfalme, wa Wangoni wa Njelu. Babu zetu walivuka mto Zambezi wakiongozwa na Zwangendaba, Novemba 1835, siku jua lilipopatwa, wakapanda kaskazini na ngao na mikuki yao, na walikopita watu waliswaga ng'ombe wakakimbilia milimani. Wengine ndio waliokuwa hawalali kwa sababu yetu. Leo mjukuu wa majeshi hayo analala amekumbatia funguo, anamwogopa kijana mmoja aliyevaa kandambili.

Ulinzi wangu ulianza na mbwa. Nilimpa jina Simba ili kumtia moyo. Mei yote alifanya kazi vizuri: alibwekea bodaboda, akabwekea wanakwaya, akabwekea mwezi. Ilipoingia Juni akagundua jiko. Jiko letu la kuni liko uani, na majivu yake hubaki na joto mpaka kunakucha. Simba akahamia majivuni. Ukitoka asubuhi unamkuta mweupe kuanzia puani hadi mkiani. Anafungua jicho moja, anahakikisha hukuja kumtoa, analifumba. Mtani wangu Mhehe alipokuja kutafuta mahindi alimtazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole kama tunamnenepesha kwa makusudi. Usiku huo ndio pekee Simba alioulinda mpaka asubuhi.

Mbwa aliposhindikana nikaajiri binadamu. Kijana wa jirani, ana rungu, ana tochi, ana koti la mtumba linalofika magotini, lililoshonwa kwa ajili ya nchi za theluji. Masharti yalikuwa mepesi: azunguke nyumba, asilale. Akaomba ruhusa ya kuwasha moto wa magunzi, "wa kunyooshea vidole tu, mwalimu." Magunzi wakati wa mavuno ni ya kumwaga, nikakubali. Lakini moto wa magunzi una tabia yake. Unawaka haraka, unazimika haraka, na unataka kulishwa kila saa. Anayeulisha hapati nafasi ya kuzunguka nyumba, na asiyeulisha anasinzia. Kijana wangu alifanya yote mawili kwa zamu.

Usiku mmoja akavua mabuti yake ya mvua, akayaweka karibu na moto yakauke. Asubuhi moto upo, rungu lipo, tochi ipo, mlinzi yupo, mabuti hayapo. Magunia yangu hayakuguswa, na sababu yake ni nyepesi: gunia la kilo 100 linajilinda. Kuliiba kunahitaji wanaume wawili na mkokoteni. Vinavyoondoka kipupwe ni vile vya kubebwa kwa mkono mmoja: jembe, kuku, debe, betri ya gari, na sasa mabuti. Kijana akadai nimnunulie mengine, kwa hoja kwamba yaliibwa akiwa kazini. Hoja ilinishinda, nikalipa. Baadaye akaacha kazi, akisema mahali penyewe hapana usalama.

Nikahamia kwenye vyuma. Fundi wa kuchomelea akanitengenezea nondo za madirisha na mlango wenye komeo juu, komeo chini na kufuli katikati. Juu ya hayo, kila usiku tukawa tunaburuta gunia la mahindi mpaka nyuma ya mlango. Ukitaka kuingia kwangu sharti uje na trekta. Mpango ulikuwa umekamilika, isipokuwa choo kiko nje.

Hapa nieleze kidogo mambo ya mwili. Baridi ikikupiga, mishipa midogo iliyo chini ya ngozi hujibana ili joto lisipotee. Damu inakusanyika ndani, figo zinadhani maji yamezidi, zinaanza kuyapunguza. Kwa hiyo usiku ambao wewe umeapa hutoki ndio usiku ambao figo zimeamua utatoka, na figo hazibishani na mtu.

Nikaamka. Taa sikuwasha, nisimsumbue mke wangu, mama Upendo. Nikajifunga kitu cha kwanza nilichopapasa, kumbe kanga. Nikasukuma gunia, likakwaruza sakafu. Nikavuta komeo la juu, likalia. Nikavuta la chini, likalia zaidi. Kufuli likaniponyoka, likaangukia sufuria. Nilipokwisha kufika uani ndipo mama Upendo alipoketi kitandani, akapapasa upande wangu, akakuta hamna mtu na mlango uko wazi. Alipiga yowe la "Mwiziii!" ambalo naamini lilisikika hadi Peramiho.

Wa kwanza kutokea alikuwa mama mkwe. Huja kwetu kila mavuno kusaidia kupukuchua, na hulala nyumba ndogo ya uani. Alitoka na mwiko wa ugali, ameuinua. Nanyi mnajua mkwe ni mtu wa kuheshimiana naye kwa mbali. Hata kumpita njiani kuna namna yake. Sasa tuko hatua chache, mbalamwezi imewaka, na mimi nimevaa kanga ya binti yake. Nikafanya kile malezi yalichonifundisha. Nikachuchumaa nusu, nikasema, "Shikamoo, mama."

Akaushusha mwiko. "Marahaba, baba Upendo. Unakwenda chooni au unahama?"

Majirani walifika baadaye. Siwasemi vibaya, walikuja. Lakini walikuja wamejifunga mablanketi hadi masikioni, kwa mwendo wa watu wanaoomba njiani mambo yawe yamekwisha, na swali la kwanza la balozi wetu wa nyumba kumi halikuwa mwizi yuko wapi. Aliuliza, "Moto upo?" Mmoja akanimulika tochi mgongoni, akasoma kwa sauti maandishi ya kanga: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Mpaka leo nikipita karibu na kilabu cha pombe, mtu anapaaza sauti, "Mgeni njoo!" na kilabu kizima kinaitikia.

Kuna jambo moja tu la kipupwe ambalo halichekwi, nitalisema upesi. Wapo wanaoziba madirisha yote kwa kuogopa wezi na baridi, halafu wanaingiza jiko la mkaa chumbani. Mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anapata usingizi mtamu, haamki. Mwizi wa mahindi akiingia utabaki na hasara. Huyu wa gesi akiingia, wewe mwenyewe hutabaki. Jiko lilale nje, hata kama Simba atalilalia.

Sasa gari. Ninayo Toyota Corolla ya gia za mkono, yenye umri wa kuitwa shikamoo. Wakati wa joto inawaka vizuri. Kipupwe ukizungusha ufunguo inanung'unika, inakata. Fundi alinieleza vizuri: umeme wa betri hutokana na risasi na tindikali kufanya kazi pamoja, na baridi huwapunguzia kasi. Wakati huohuo oili ya injini inakuwa nzito, kwa hiyo injini inataka nguvu nyingi zaidi saa ileile ambayo betri ina nguvu kidogo zaidi. Huku kwetu hatupati barafu ya alfajiri wanayoipata Kitulo, lakini betri nzee haihitaji barafu. Inahitaji kisingizio.

Dawa yake alinitajia: betri mpya, oili nyepesi kidogo, na kusafisha vichwa vya betri vilivyoota ukungu mweupe. Nikaanza na ile isiyo na bei. Kisha nikaongeza ya kwangu: kila jioni nafungua betri, naiingiza ndani. Faida ni mbili, haipigwi na baridi na haiibwi. Ikawa inalala chumbani kwetu, mbali na moto, imefunikwa. Mama Upendo alivumilia siku kadhaa, halafu akasema kwa utaratibu, "Baba Upendo, betri ina shuka zito. Mimi miguu yangu iko nje." Betri ikahamishiwa sebuleni.

Siku betri ikigoma, nina mteremko. Naegesha gari pua chini, asubuhi naachia breki ya mkono, gia ya pili, nikiachia klachi linakohoa mara mbili tatu, linawaka. Tatizo ni kwamba mteremko hauulizi nani mwenye gari. Na breki yangu ya mkono ni ya kuaminiana tu. Nikatafuta jiwe zuri, la duara, la kutosha, nikaliweka mbele ya gurudumu. Likatulinda vizuri, mpaka asubuhi moja tulipotoka tukakuta gari halipo.

Hatukuhangaika sana kulitafuta. Lilikuwa limeteremka polepole hadi kwenye banda la nguruwe la jirani, likaegemea ukuta kwa adabu, na nguruwe walikuwa wamejibanza chini yake kukwepa umande. Kioo kizima, milango imefungwa, hata redio ipo. Aliyekuja usiku hakutaka gari. Alitaka jiwe. Jiwe la duara, la kutosha, linalofaa kuwa figa la tatu. Nikakaa nikamwazia mtu huyo, ametoka baridini saa tisa usiku, amelipita gari, amepita kuku, amebeba jiwe, amekwenda kwake kuinjika chungu. Hata mwizi, kumbe, alikuwa anatafuta moto.

Nikiwa kwenye magari, mawili ya bure. Usiwashe gari asubuhi ukaliacha linanguruma, wewe ukaingia ndani kumalizia chai. Hapo umemwashia mwingine. Na kabla ya kuwasha, piga boneti kofi mbili. Injini iliyosafiri jioni hubaki na joto, na paka wanajua. Panya pia wanajua, hao huja na hamu ya kutafuna nyaya.

Mavuno yalipokwisha tukafanya hesabu. Ndani ya nyumba hakijaibwa hata kikombe. Mbwa alilala, mlinzi aliacha kazi, makomeo yalinifungia mimi. Ni nani basi aliyelinda? Mama Upendo ndiye aliyeona. Ni mama yake. Baridi inamshika magoti, hapati usingizi. Saa nane anakohoa kile kikohozi chake kikubwa, ambacho daktari alikipima akasema hakina neno. Saa tisa anatoka na kibatari kuhesabu kuku. Saa kumi anamgombeza Simba majivuni kwa jina na ukoo. Saa kumi na moja anachochea kuni za chai. Mwizi wa kuipanga kazi yake katikati ya ratiba hiyo hajazaliwa Maposeni.

Nikaona haki ni haki. Nikamwendea siku ya kuondoka kwake, nikakaa kwa mbali inavyotakiwa, nikamwambia kwamba msimu wote yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa nyumba hii, na tunamshukuru. Akafunga mzigo wake taratibu. Akauliza yule kijana wa koti alikuwa analipwa kiasi gani kwa mwezi. Nikamtajia. Akanyamaza, akakaza fundo.

"Na mabuti ulimnunulia?"

"Nilimnunulia, mama."

Mavuno yajayo amesema atawahi, tangu mwezi wa nne. Saizi ya mguu wake ameshamtuma bintiye aniambie.