Leseni ya Kidevu

Kharumwa, uani kwa Bosi, mwenye karasha la mawe ya dhahabu. Bandani manyoya yametapakaa. Kifusi na Timba, sungura madume wa tumbo moja, wameingia mwezi wa nne wa umri. Dada yao Karati amejibanza pembeni. Nje, Maksai, ambaye wao humwita guku (babu), anacheua chini ya mwarobaini.

MAKSAI: Tangu alfajiri mnafukuzana. Hata salamu hakuna?

KIFUSI: Mwangaluka, guku. Samahani, nilikuwa na sikio la mtu mdomoni.

TIMBA: Langu! Na jana alilenga chini ya mkia.

MAKSAI: Ndiko madume ya sungura hulenga. Wapo waliotoka ugomvini wamehasiwa bila daktari. Kisa nini?

KIFUSI: Mpaka. Chini ya kidevu nina tezi ya harufu. Nimesugua bakuli, nimesugua nguzo, nimesugua mlango. Hiyo ni leseni.

TIMBA: Nami nimesugua juu ya leseni yake.

KARATI: Halafu wote wawili wakataka kunipanda mimi. Nimemng'ata mmoja, naitwa jeuri.

MAKSAI: Ngoja ukue zaidi, nawe utapigania pako. Bosi anasemaje?

TIMBA: Jana aliitisha kikao. Katunyanyua kwa masikio, kahubiri kwamba tulinyonya pamoja, katurudisha humu humu na bakuli moja. Tulipoanza tena akaingiza mkono kutuamua.

KIFUSI: Kaondoka na meno yangu kidoleni. Ufagio wa kutuamulia ulikuwa pale pale ukutani.

MAKSAI: Yeye na mdogo wake nao walinyonya pamoja. Mbona machimboni kila mmoja ana duara lake la kuchimbia, bikoni zake na mlinzi wake mwenye rungu? Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya miaka 7, na hawakumaliza hata msimu mmoja wakichimba pamoja. Wilaya yenyewe hii ya Nyang'hwale ilimegwa kutoka Geita mwaka 2012, na sikusikia mtu akililia udugu.

KIFUSI: Lakini sungura si mjanja, guku? Tutaelewana tu.

MAKSAI: Yule wa hadithi ni wa porini, ndugu yenu wa mbali tu. Babu zenu walitoka Hispania, wakiishi mashimoni kwa makundi. Kule anayeshindwa hutimua mbio. Humu mlango mmoja, na umefungwa kwa waya.

TIMBA: Basi tuhasiwe kama wewe, yaishe.

MAKSAI: Mimi nilibanwa kwa koleo, baadaye nikafungwa plau. Korodani zenu hurudi tumboni mkishtuka. Koleo litabana hewa. Ninyi ni kisu na dawa ya usingizi, kwa daktari anayewajua sungura. Na asiwafungishe kula kabla ya kisu: hamuwezi kutapika, na tumbo lenu likisimama ni hatari. Tena mkishakatwa, mbegu hubaki hai wiki 4 hadi 6.

KARATI: Wiki 6! Mimba yangu ni siku 31 tu!

MAKSAI: Ndiyo maana wewe unatakiwa uhame leo, si siku ya kisu.

KIFUSI: Na sisi tukae wapi hadi siku hiyo?

MAKSAI: Mbalimbali. Kila mtu chumba chake, bakuli lake, maji yake. Katikati wavu mara mbili, uachane kidogo, mnusane bila kung'oana pua. Mbadilishane nyasi za kulalia ili harufu ya mwenzio isiwe harufu ya mvamizi. Mkishakatwa na zile wiki zikiisha, mkutanishwe mahali ambapo hakuna kidevu kilichowahi kusugua.

TIMBA: Kama wapi?

MAKSAI: Sebuleni kwa bosi.

(Mlango wa nyuma unafunguka. Bosi anatoka na bunda jipya la wavu begani.)

KARATI: Wavu! Guku, amekusikia!

MAKSAI: Punguza vigelegele. Mfuate kwa macho.

(Bosi anaufunga wavu kwenye pikipiki.)

BOSI (kwenye simu): Nakuja. Mwambie mdogo wangu asisogee hata hatua moja. Leo nazungushia duara langu lote.

(Pikipiki inaondoka.)

KIFUSI: Timba, tulikuwa kwenye sikio lipi?