Namna ya Kushika Gongo na Daftari kwa Mkono Mmoja

Bibi atapiga simu kutoka Tanga akukumbushe kwamba mshika mbili moja humponyoka. Mwamkie, msikilize hadi mwisho, kisha mweleze taratibu: kwa mjukuu wake aliyeko Marekani, anayependa besiboli na kuota chuo cha Yale, mbili hizo, gongo na daftari, zimefungwa kamba moja. Akiachia daftari, gongo nalo linaanguka.

Kwanza, mzazi mwenzangu, ujue nani anashika ufunguo. Kocha huchagua mchezaji, lakini mlango hufunguliwa na ofisi ya udahili. Vyuo vinane vya Ivy League, Yale kikiwemo, havitoi ufadhili wa michezo hata senti moja; msaada wa ada hutegemea kipato cha familia. MIT na Johns Hopkins, vinavyocheza besiboli katika Daraja la Tatu la NCAA, shirikisho la michezo ya vyuo, navyo havitoi ufadhili huo. Mpira wa kasi peke yake haulipi ada huko.

Basi anzeni darasa la 9, maana alama za mwaka huo zinaingia kwenye wastani uleule atakaoulizwa baadaye. Makocha wa Daraja la Kwanza huruhusiwa kuzungumza na mchezaji kuanzia Agosti 1, kabla hajaingia darasa la 11. Kiangazi kinachofuata, kocha anayemtaka kweli huchukua alama zake na matokeo ya mtihani wa SAT akaipelekea ofisi ya udahili izipitie kabla ya maombi. Hapo ndipo vijana wengi wenye mikono ya dhahabu hukwama, na inaniuma kila mara, kwa sababu hesabu walizoziacha zilikuwa za miaka miwili nyuma. SAT aifanye kabla ya mashindano ya kiangazi. Akitoka uwanjani usiku, baada ya joto la siku nzima, anahitaji kulala, si kufungua kitabu cha aljebra.

Barua pepe kwa kocha aandike mtoto mwenyewe. Mama asiiguse! Mistari michache inatosha: mwaka wa kuhitimu, nafasi anayocheza, wastani wa alama kwa tarakimu halisi, na video fupi.

Kocha akisema "tunakupenda sana", mtoto ashukuru, kisha aulize kwa heshima: "Je, utaniombea nafasi kwa ofisi ya udahili?" Jibu la swali hilo ndilo la kupangia maisha. Likiwa la kuzungukazunguka, aendelee kuwaandikia makocha wengine.

Bibi akipiga tena, msimulie habari za mrusha mpira Kyle Hendricks. Alisoma uchumi Dartmouth, kimoja cha vile vyuo vinane, mpira wake haukuwa na kasi kama ya wenzake, wakamwita Profesa. Mwaka 2016 ndiye aliyeanza kurusha katika mechi ya saba ya fainali, usiku ambao Chicago Cubs walitwaa ubingwa baada ya kuusubiri miaka 108. Halafu mpe mjukuu simu amwamkie bibi yake, kabla hajarudi kwenye hesabu zake.