Ombi la Kuwa Malighafi ya 35

Kwa Waheshimiwa Viongozi wa Umoja wa Ulaya,
Brussels.

YAH: WAKAZI WA KIVU KUINGIZWA KWENYE ORODHA YA MALIGHAFI MUHIMU

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza poleni kwa kazi nzito ya kupima biashara dhidi ya roho za watu. Tunajua si kazi rahisi, maana biashara huja na ankara, na roho za watu huja na ripoti tu.

Orodha yenu ya malighafi muhimu ina vitu 34. Tantalamu imo, ile inayopatikana kwenye koltani na kuishia ndani ya simu. Sisi tunaolala juu ya koltani hiyo hatumo. Tunaomba nafasi ya 35.

Vigezo tunavyo. Cha kwanza ni umuhimu kiuchumi: kule Rubaya, wilayani Masisi, mashariki mwa Kongo, koltani hutolewa kwa sululu, koleo na migongo yetu, nayo ni takriban asilimia 15 ya tantalamu yote duniani. Cha pili ni hatari ya bidhaa kuadimika: tunakufa.

Faida za kuorodheshwa tunazijua. Kwa utaratibu, gunia la koltani hufungwa lebo yenye namba likiwa bado machimboni, likapimwa, likaandikwa daftarini. Februari 2025, watu wa kambi ya Bulengo, nje kidogo ya Goma, walipewa na waasi wa M23 saa 72 wawe wameondoka. Wakakunja maturubai, wakajitwisha masufuria, wakaondoka. Mpaka leo hatujasikia mnunuzi aliyeuliza mzigo ule ulifika wapi.

Sheria mnayo, tena nzuri. Tangu Januari 2021 mnawataka waagizaji wa bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu wachunguze madini yao yametoka wapi. Februari 2024 mkasaini na Rwanda hati ya makubaliano ya malighafi. Kufika mwisho wa Aprili, M23 walikuwa wameishika Rubaya. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaandika kwamba kundi hilo linakusanya ushuru wa angalau dola 800,000 kwa mwezi, na kwamba koltani inavushwa hadi Rwanda na kuchanganywa na ya huko. Kigali inakanusha kuwaunga mkono M23, na inasema inajilinda dhidi ya FDLR, kundi la waasi wa Rwanda walioko Kongo. Sisi hatutaki ubishi. Tunastaajabu tu jinsi jiwe linavyopata uraia kwa usiku mmoja, na mkimbizi akangoja miaka.

Hoja ya usalama nayo tumeielewa. Wanajeshi wa Rwanda wanapambana na waasi huko Cabo Delgado, Msumbiji, ambako kampuni ya Kifaransa imewekeza kwenye gesi. Novemba 2024 mkawaongezea yuro milioni 20. Wataalamu walewale wanasema jeshi hilohilo lilikuwa na maelfu ya askari huku kwetu. Kosa letu basi ni kuzaliwa mbali na gesi.

Hatusemi mlinyamaza. Goma ilipoanguka mikononi mwa M23, Bunge lenu lilitaka hati ile ya Rwanda isitishwe, kwa kura 443 dhidi ya 4. Jibu likawa kwamba itapitiwa upya. Machi 17, 2025 mkawawekea vikwazo makamanda kadhaa wa M23 na wa jeshi la Rwanda, pamoja na kiwanda cha kusafishia dhahabu cha Gasabo, huko Rwanda. Tunashukuru. Ila Urusi ilipoivamia Ukraine, vikwazo vilitoka ndani ya siku chache, na hatukumsikia mtu akiomba muda wa kupitia.

Tukikubaliwa, tunaomba lebo zisizochanika kwa mvua, akiba ya dharura kama mnayotaka kujiwekea ya madini, na afisa mmoja wa kuuliza pale idadi yetu inapopungua.

Nafasi ya 35 ikikosekana, lipo jambo rahisi zaidi. Isitisheni hati ile ya Rwanda mpaka kila gunia linaloingia kwenu lijulikane limetoka shimo gani na nani alitozwa ushuru njiani. Huenda bei ya simu ikapanda kidogo. Msishtuke: tofauti hiyo si gharama mpya, ni ileile ambayo siku zote tumekuwa tukiwalipia sisi.

Wenu katika ujenzi wa mataifa ya wengine,

Wakazi wasio na lebo,
Kivu.