Sifa za Namba ya Tarakimu 617

Namba tasa zimesifiwa hadi zimelewa sifa. Mwaka 2024 ilipopatikana moja yenye tarakimu zaidi ya milioni 41, habari zake zilienea dunia nzima. Namba isiyo tasa haisherehekewi na mtu, kwani ziko tele mno: okota namba yoyote ya tarakimu 617, na nafasi ya kuwa tasa ni takriban moja katika 1,400. Lakini mkazi wa Rwezamenyo, wilayani Nyarugenge, anapofungua Irembo, tovuti ya huduma za serikali ya Rwanda, kwenye simu ili aombe cheti cha kuzaliwa, anategemea ukaguzi wa vyeti vingine, vya kidijitali, na vingi vya aina hiyo duniani bado vinalindwa na namba ya urefu huohuo kutoka katika kundi hili la makapi.

Fadhila yake ya kwanza ni ukaidi. Zidisha namba tasa mbili za tarakimu mia tatu na kitu, kompyuta inamaliza kabla hujapepesa jicho. Mpe mtu jibu peke yake, umwombe vigawo, na hapo ndipo kazi ilipo. Rivest, Shamir na Adleman waligeuza ukaidi huo kuwa kufuli, RSA kwa herufi za majina yao, mwaka 1977. Namba yao ya mashindano yenye tarakimu 129 ilivunjwa mwaka 1994, kwa msaada wa watu wapatao 600 waliojitolea kompyuta zao. RSA-250, namba nyingine ya mashindano, iliangushwa Februari 2020, kwa kazi ambayo kiini kimoja cha kompyuta kingeifanya kwa miaka kama 2,700. RSA-2048, yenye tarakimu 617, iliwekewa dola 200,000. Mashindano yakafungwa mwaka 2007, zawadi ikaondolewa, yenyewe haijasema neno.

Mbishi atauliza: ikiwa vigawo havijulikani, nani kathibitisha kwamba si tasa? Mwanahisabati Fermat ndiye aliyetupa njia. Namba ikiwa tasa, namba yoyote ndogo kuliko hiyo, ikipandishwa kwa kipeo cha hiyo tasa kasoro moja kisha ikagawanywa kwayo, lazima ibakize 1. Ikibaki namba nyingine, kesi imekwisha. Kwa njia nyingine isiyohitaji vigawo, 2 kwa kipeo cha 67, kasoro moja, ambayo Mersenne aliiorodhesha kuwa tasa mwaka 1644, Lucas aliivua cheo hicho mwaka 1876 bila kuonyesha kigawo hata kimoja. Cole akavileta mwaka 1903: 193,707,721 na 761,838,257,287. Namba ya Fermat ya 24 (2 kwa kipeo cha 2 kwa kipeo cha 24, jumlisha moja), yenye tarakimu zaidi ya milioni 5, imezidi: tangu 1999 ni kama mshitakiwa aliyekiri kosa akakataa kuwataja wenzake.

Wapo wanaosema heshima hii imesimama juu ya ujinga wetu, kwa kuwa hakuna aliyethibitisha kwamba kutafuta vigawo ni lazima kuwe kugumu. Ni kweli, na sioni aibu: ulinzi mwingi wa dunia umesimama juu ya msingi mbovu kuliko huo. Mwanahisabati Shor alionyesha mwaka 1994 kwamba kompyuta ya kwantamu ingeimaliza kazi upesi, na Marekani ilitoa viwango vya kufuli mbadala Agosti 2024. Lakini mashine kubwa ya kutosha bado haijajengwa. Aibu halisi ni ya mwaka 2012, watafiti walipokuta maelfu ya namba za kufuli za aina hii, kila moja ikichangia kigawo na nyingine. Zilivunjwa kwa kutafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika, hesabu ya shule ya msingi. Hapo namba haikumsaliti mtu. Waliokosea ni waliozitengeneza kwa uvivu.

Msomaji mwenye kikokotoo aanze na 4,294,967,297, ambayo Fermat mwenyewe aliiamini kuwa tasa, na ambayo mwanahisabati Euler aliigawa kwa 641 mwaka 1732. Akishaiweza, aende kwenye ile ya tarakimu 617. Zawadi haipo tena, lakini namba ipo.